Mashauri ya Papa kwa Mtoto wa Watu

Wakati Papa alipoanza kumfundisha msichana wa mtaa wa Kasha namna ya kutafuta kazi, mimi nilikuwa nimekaa nyumbani muda mrefu, na diploma yangu ya chuo kikuu imelala kabatini ndani ya farde, jalada la kutunzia karatasi. Masomo yao yalifanyika salon, sebuleni kwetu. Mimi nilikuwa jikoni nachambua maharage, na mlango wa katikati haukufungwa kamwe, kwa hiyo nilisikia yote.

Papa alikuwa amestaafu. Kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa wafanyakazi katika kampuni moja ya chai nje ya mji. Yeye ndiye aliyepokea watu kazini, na yeye ndiye aliyewaondoa. Mpaka leo tukitembea naye hapa mtaani kwetu Muhumba kuna wazee wanaovua kofia wakimwona, na kuna wengine wanaovuka barabara ili wasikutane naye.

Kazi zilikuwa zimekauka mjini. Benki zilikuwa zimefunga, mashirika yenye magari meupe yalikuwa yameondoka au yamepunguza watu, na shirika dogo nililofanyia stage, mazoezi ya kazi, lilituita asubuhi moja, likatushukuru, likafunga mlango. Wenzangu wa chuo walitawanyika. Mmoja alianza kuuza nguo za mitumba, mwingine alivuka mpaka akaenda kufundisha Kifaransa, wawili waliolewa. Mimi niliendelea kupeleka barua, ofisi hii leo na ofisi ile kesho, na simu haikulia.

Niliwahi kumwomba Papa aisome barua yangu ya kuomba kazi. Alikuwa anakunywa chai barazani. Aliipokea kwa ncha za vidole, akaangalia mstari wa kwanza, akanirudishia.

"Mupatie mutu mwengine akuangalilie," alisema. "Mimi niliisha kutoka mu mambo ya kazi."

Nilimwamini. Nilifikiri kweli ameshatoka.

Kisha ikawa hivi. Maman alikuwa na mwanamke aliyekuwa akimuuzia sombe, majani ya muhogo, na mboga nyingine katika soko la Nyawera, muuzaji wake wa siku zote. Siku moja mwanamke yule akamwambia kwamba binti yake amemaliza masomo na anazunguka bure mjini. Maman akalileta jambo hilo mezani, kama anavyoleta habari zote za soko. Nilimwangalia Papa nikisubiri aseme kwamba ameshatoka katika mambo ya kazi.

"Aje siku ya posho," Papa alisema.

Jumamosi ile alinyoa ndevu mapema na kuvaa shati la kutokea. Msichana alikuja na moto, pikipiki ya abiria, mpaka chini ya mteremko, halafu akapanda kwa miguu. Alikuwa mrefu, ana mwanya, amevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mistari ya mikunjo inaonekana. Karatasi zake zilikuwa ndani ya sachet nyeusi ya plastiki.

"Mademoiselle," Papa alimwambia kabla hajakaa, "ile sachet uiache kwa mulango. Mutu akiingia na sachet, banafikiri anauzisha kitu."

Msichana akacheka. Na Papa akacheka. Nilikuwa nimewapelekea chai, nikabaki nimesimama na birika mkononi, maana sikumbuki lini nilimsikia Papa akicheka vile mchana kweupe.

"Alors, jieleze."

"Niko mutoto wa pili mu famille ya batoto saba," msichana alianza. "Papa alikufa, na maman anauzisha..."

"Hapana. Sikuuliza mateso. Bote bale batakuya pale bako na mateso. Nieleze kitu yenye unajua kufanya."

Alimwambia polepole, kama mtu anayemwonyesha mtoto njia ya kwenda kisimani. Msichana alianza upya. Alikosea, akaanza tena. Papa hakuchoka. Nikarudi jikoni kwenye maharage yangu, na baada ya muda nikaona kwamba katika sahani ya takataka nimetupa maharage mazima pamoja na mawe.

Alikuja Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Mambo aliyomwambia nayajua yote, kwa sababu jikoni hapakukosa kazi ya kunikalisha. Alimwambia asiseme kamwe kwamba yuko tayari kwa kazi yoyote. "Ukisema kazi yoyote, patron anasikia kama hauna kitu unajua." Alimwambia amsalimie sentinelle, mlinzi wa mlangoni, vizuri, tena kwa moyo, "juu saa utatoka, patron atamuuliza: ule binti alikuwa namna gani pale inje? Mimi nilikuwa nauliza kila siku." Alimwambia barua isizidi ukurasa mmoja. Alimwambia asingoje matangazo. "Offre yenye banabandika kwa ukuta, mara mingi mwenye kazi aliisha kuwa na mutu wake. Enda fasi hawajabandika kitu." Na kwa sauti nyingine, ngumu zaidi: "Mutu akikuomba kitu juu akupatie kazi, pesa ama kitu ingine, unasimama, unaaga, unatoka. Hauulize maana." Lakini lile alilolirudia kuliko yote lilikuwa hili: "Ukimaliza kujibu, nyamaza. Batu banapoteza kazi mu maneno yenye banaongezaka nyuma."

Yalikuwa mashauri mazuri. Hilo ndilo lililonichoma. Kama yangekuwa upuuzi wa mzee aliyestaafu ningecheka na kuendelea na kazi zangu. Lakini nilijua, nikiwa pale na ungo magotini, kwamba kila neno lingenifaa mimi, na kwamba lilikuwa ndani ya nyumba hii siku zote, ndani ya kichwa cha mtu niliyekuwa nampikia, na amelitoa kwa binti wa muuza sombe.

Wivu ukanipa macho ya kuona vitu vidogo. Niliona kwamba msichana ameanza kumwita Papa, si "papa" ile ya heshima tunayomwitia kila mwanaume mwenye umri, bali Papa. Niliona kwamba Maman ananituma kununua beignets, maandazi ya chai, kila Jumamosi, na si siku nyingine. Niliona kwamba masomo yakiisha Papa anamsindikiza mpaka barabarani na kusimama pale mpaka moto ipotee kwenye kona. Siku niliyokwenda kutetea tasnifu yangu chuoni, Papa alinitakia heri akiwa amelala, kupitia mlango wa chumba.

Nilimchukia msichana yule kwa mambo ambayo hayakuwa kosa lake. Nilichukia mwanya wake. Nilichukia namna anavyofuta viatu kwa muda mrefu kabla ya kuingia, kana kwamba sisi tulikuwa watu wakubwa. Akinisalimia "Bonjour dada", nilijibu nikiwa nimeangalia sufuria.

Na bado niliyachukua mashauri. Niliandika barua upya, ukurasa mmoja. Nilianza kuwasalimia masentinelle wa mji mzima, nikiwauliza habari za nyumbani, na nikagundua kwamba wanajua mambo mengi: nani ameondoka kazini, nani anatafutwa, patron gani ana hasira siku gani. Sentinelle mmoja ndiye aliyeniambia kwamba clinique moja ya binafsi, upande wa Nyawera, inatafuta mtu wa kupokea wagonjwa na kusimamia malipo. Nikapeleka barua siku ile ile. Safari hii simu ililia. Wakaniita nije kuulizwa maswali siku ya Jumatatu.

Sikumwambia Papa. Nilitaka kumwambia nikiwa nimeshaipata.

Jumamosi kabla ya Jumatatu ile, msichana wa Kasha alifika amechangamka. Nilikuwa naingia na sinia niliposikia Papa akimuuliza:

"Bakikuuliza juu ya nini unataka kazi mu clinique, na haiko fasi ingine, utajibu nini?"

Nilisimama. Msichana alijibu vizuri, akanyamaza panapofaa.

"Na kama mugonjwa anakasirika kwa guichet, pale banalipia, anapiga kelele juu ya bei?"

Hapo nilielewa. Ilikuwa clinique ile ile, kazi ile ile. Papa alikuwa anampa msichana wa watu maswali nitakayoulizwa mimi. Niliweka sinia mezani, nikavuta kiti, nikakaa kati yao.

"Na mimi?" niliuliza. "Bakiniuliza mimi, nitajibu nini?"

Papa aliangalia sinia, akaniangalia.

"Banakuita wapi?"

"Kule kule. Siku ya kwanza, Jumatatu, asubuhi. Sawa na huyu."

Msichana alifunga farde yake. Alikuwa na farde sasa, ya kijani. Sachet ilikuwa imekwisha zamani. "Papa, nitarudia siku ingine," alisema.

"Baki," Papa alisema.

"Muache aende," nilisema mimi.

Akaenda. Papa hakumsindikiza, na nilifurahi kuona hivyo. Furaha ile haikudumu, kwa sababu tulibaki wawili tukiangaliana juu ya beignets ambazo hakuna aliyezigusa.

Maman aliingia kutoka uani, mikono ina povu la sabuni. Alikuwa amesikia, bila shaka. Nyumba yetu si kubwa. "Mwambie," alimwambia Papa. "Mwambie mambo ya mudogo wako. Huyu mutoto iko mukubwa sasa."

Mdogo wake Papa, tonton wetu, nilimjua kwa picha tu. Tuliambiwa anafanya biashara Kamituga, anauzia wachimbaji dhahabu buti na betri, na kwamba barabara mbaya ndiyo inayomzuia kuja kwetu Noeli. Hatukuuliza zaidi.

"Nilimuingiza mu kampuni," Papa alisema. Alizungumza akiangalia mikono yake. "Nilimufundisha hivi hivi, mu salon hii. Akapita muzuri, batu bakasema aliingia juu ya kaka yake, lakini hapana, alijibu muzuri. Kisha kukatokea mambo ya magunia yenye yalipotea, na jina yake ikakuwa ndani. Sikujua kama ni kweli, na mpaka leo sijue. Barua ya kumufukuza, ni mimi nilitia signature. Maman yetu sisi wawili alikufa bila kunisemesha tena. Nilisema basi. Mutu wa damu yangu, sitagusa tena mambo ya kazi yake."

"Lakini ya batoto ba batu unagusa," nilimwambia.

"Ile haiumi."

"Mimi iliniuma," nilisema.

Aligeuza kiti chake kikanielekea, akanyoosha mgongo, na uso wake ukabadilika. Sikuwahi kuuona uso ule. Nadhani ndio ule waliouona watu wa kampuni ya chai.

"Jieleze," alisema.

Nilijieleza. Hakunipa nafasi hata ya kufika katikati. Sauti yangu iko chini. Naangalia wapi? Hilo ni jibu gani? Stage, stage, kila mtu ana stage, nilifanya nini ndani yake? Nikaanza upya, akanikata. Nikaanza tena, akapiga ulimi. Nilikuwa nimengoja saa hii miezi mingi, na sasa imefika nilitaka iishe.

"Ule mwengine ulikuwa unamwambia polepole," nilisema mwishoni. "Ulikuwa unacheka naye."

"Ule akikosa, ataenda kulia kwabo, Kasha. Wewe ukikosa, nitakuona kila asubuhi."

Nilinyanyuka nikaenda uani kuanua nguo. Hazikuwa zimekauka. Nilizianua hivyo hivyo, nikazibeba kifuani mpaka nguo yangu ikalowa.

Jumatatu nilifika clinique mapema, lakini msichana wa Kasha alikuwa ameshafika. Tuliwekwa kwenye benchi moja, chini ya bango linaloonyesha namna ya kunyonyesha mtoto. Alisogea kunipa nafasi. Tulikaa, farde zetu magotini, tukawatazama wanawake wakipita na watoto migongoni.

"Dada," alisema, "mimi nilijua unatusikilizaka."

Niliendelea kutazama wanawake wanaopita.

"Kule jikoni. Kama Papa iko nafundisha, vyombo havilie. Njo maana nilikuwa napandisha sauti."

"Juu ya nini?"

Alifikiri. Sikutegemea afikiri, nilitegemea aseme jambo la kunipendeza.

"Mwanzo ilikuwa juu uone wivu," alisema. "Ulikuwa unanijibu vibaya, na uko na kila kitu, papa wako iko muzima, nyumba iko. Nyuma yake, ilikuwa juu usikie muzuri."

Mlango ulifunguka, akaitwa. Alisimama, akanyoosha blauzi, akaingia. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba. Sikuyasikia maneno, lakini nilisikia anaongea, kisha kimya, kisha mtu anacheka. Kisha anaongea, kisha kimya. Kimya kile nilikitambua, nilikuwa nimekisikia Jumamosi nyingi.

Zamu yangu ilipofika nilijibu vizuri maswali ya kwanza. Walikuwa daktari mwenye clinique na mama mmoja mwenye miwani. Mama akaniuliza kwa nini nimekaa nyumbani muda wote huo. Nikajibu kwamba shirika nililokuwamo lilifunga, na tangu hapo natafuta. Lilikuwa jibu zuri na lilikuwa limekwisha. Lakini mama yule aliendelea kuniangalia, na mimi nikaongeza kwamba hali ya mji imekuwa ngumu. Nikaongeza kwamba si mimi peke yangu. Nikaongeza kwamba hata papa yangu, ambaye alikuwa mkuu wa wafanyakazi, anasema hivyo. Nilijisikia nikikimbia mteremkoni na miguu haisimami. Daktari alipofunga kalamu yake nilikuwa bado naongea.

Walimchukua yeye.

Alikuja mwenyewe kutuambia. Papa alijitahidi kuuzuia uso wake kwa ajili yangu. Alisema "Bien, bien," akampa mkono, halafu akasema amesahau miwani yake chumbani, akakaa huko. Alitoka macho mekundu, bila miwani. Nilimpongeza msichana, nikamwambia "félicitations". Nilitaka neno litoke kubwa, likatoka kama la mtu mwenye kikohozi.

Mshahara wake wa kwanza ulipotoka alimletea Papa shati la bluu ya mbingu, limefungwa kwenye karatasi. Jumapili iliyofuata Papa alilivaa kwenda misa ya pili. Nililipiga pasi mimi, na nililipiga vizuri, kola na mikono, maana sikutaka mtu aseme kitu. Baada ya misa, pale nje ya kanisa, rafiki yake mmoja alishika kitambaa kwa vidole, akauliza:

"Hii ni mutoto wako alikupatia?"

"Eh," Papa alisema. "Ni mutoto."

Nilikuwa nimesimama ubavuni pake. Yule mzee alinigeukia akanipa mkono kwa nguvu, akanisifu, akasema wazazi wenye mabinti kama mimi wana bahati. Nilipokea sifa zile, nikasema aksanti. Papa aliangalia upande wa magari. Tulirudi nyumbani, na njia nzima nilikuwa naiona bluu ile kwa pembe ya jicho.

Kesho yake nilitoka asubuhi, na kesho kutwa tena. Sikwenda kwenye kuta zenye matangazo. Nilitembea Nyawera, nikashuka, nikapanda Kadutu, nikiangalia maduka na bohari ambazo hazijabandika kitu, nikijiuliza mahali hapa kinachokosekana ni nini. Hasira ni kitu kizuri kwa kutembea. Nilifukuzwa mara nyingi kwa upole na mara chache bila upole.

Kwenye quincaillerie moja ya Kadutu, duka la misumari, rangi na mabati, nilisimama kando kama mteja. Mwenye duka alikuwa mama mnene mwenye simu mbili, na zote mbili zililia bila kushikwa. Wateja waliosimama walikasirika kwamba waliagiza mabati kwa ujumbe na hakuna aliyewajibu. Nilingoja mpaka akapumua.

"Maman," nilisema, "niko naona batu banakuandikia ku téléphone na hakuna mwenye anabajibu. Mimi najua kujibu, na najua kufuata stock. Unijaribishe hii wiki."

Nikanyamaza. Aliniangalia kutoka kichwani mpaka viatuni. Ndani ya mdomo wangu kulikuwa na maneno mengi yamejipanga: diploma, stage, hali ya mji. Niliyafungia. Mzee mmoja akauliza bei ya misumari ya mabati. Mama hakumjibu, alikuwa bado ananiangalia.

"Umupimie misumari," aliniambia.

Mpaka leo niko pale. Siku niliyomwambia Papa, hakusimama wala hakuingia chumbani kutafuta miwani. Aliuliza patron ni nani, na kama kuna mkataba, na kwa nini hakuna, na kama nimeuliza. Tangu hapo kila tukila ananipa shauri ambalo sikuomba: kuhusu likizo, kuhusu mtu wa bohari asiyeaminika, kuhusu kutofika wa kwanza kila siku kwa sababu watanizoea hivyo. Namjibu vibaya. Ananijibu vibaya. Maman anasema chakula kinapoa. Tonton wa Kamituga bado hajaja, ingawa Papa ameanza kumtumia salamu na watu wanaokwenda huko.

Msichana wa Kasha anakuja bado, siku za sikukuu na wakati mwingine Jumapili tu. Papa akisikia sauti yake anafunga vifungo vya shati. Siwezi kusema kwamba hilo halinigusi. Linanigusa pale pale lilipokuwa linanigusa, ila sasa nina mambo mengine ya kufikiria.

Alipokuja mara ya mwisho alikula nasi, kisha akanifuata jikoni, akachukua kitambaa, tukaosha vyombo pamoja. Nilimuuliza kama yule mama mwenye miwani anampa congé, siku zake za likizo. Akaniambia mama yule huficha kalenda kwenye droo ili mtu asijue siku zimefika, na akamwigiza namna anavyoifunga droo kwa goti. Nikamwambia patron wangu hujibu simu zote mbili kwa pamoja, moja kila sikio, na wateja hao wawili wanaishia kupatana bei wao kwa wao. Tulicheka mpaka akaweka sahani chini. Papa akaita kutoka salon, akauliza tunacheka nini. Hatukumjibu.